Kukagua Bodi ya Vali ya Gia Otomatiki: Somo kwa Mafundi, Madereva na Wenye Magari wa Mipakani



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mikanda ya usalama, mwendo wa kasi, pikipiki zisizo na taa na mizigo iliyozidi uzito. Leo tunawaomba mwingie pamoja nasi chini ya gari. Somo letu linahusu sehemu ambayo dereva haioni, abiria haijui, na hata baadhi ya mafundi huiogopa: bodi ya vali, ambayo ndiyo moyo wa gia otomatiki. Mafundi wengi huiita valvubodi, nasi tutatumia jina la bodi ya vali.

Hatukusudii kumfanya kila msomaji kuwa fundi wa gia. Tunataka fundi wa gereji ndogo ya mpakani apate utaratibu wa ukaguzi anaoweza kuufuata kwa vifaa alivyo navyo. Mwenye gari ajue maswali ya kumwuliza fundi kabla ya kutoa fedha. Na dereva azitambue dalili mapema, kabla hazijageuka kuwa ajali.

Kwa nini polisi tunazungumzia gia

Magari mengi madogo yanayopita Malaba, Busia, Mutukula, Katuna na Mpondwe yalitumika kwanza Japani, na mengi kati yake yana gia otomatiki. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Jirani zetu wa Kenya wameweka mpaka wa miaka 8. Hivyo gari la miaka 13 au 14 laweza kuingia Uganda kihalali na kuanza kazi mpya ya kubeba abiria au mizigo, ilhali sehemu za ndani za gia yake zimekwisha kufanya kazi kwa zaidi ya muongo mmoja.

Barabara zetu nazo hazina huruma kwa gia. Anayetoka Kabale kwenda Kisoro kwa kupitia Kanaba, au anayeteremka kutoka Kapchorwa, anajua miteremko ile ilivyo mirefu. Hapo dereva mwangalifu huweka gia ya chini ili injini isaidie kulizuia gari, breki zisichemke. Gia inayoteleza au inayokataa kushika humwachia dereva breki peke yake, na breki zilizochemka hupoteza nguvu.

Fikirieni pia kulipita gari jingine. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akikanyaga mafuta ili alipite lori, na gia ikasita kwa sekunde mbili kabla ya kushika, atakuwa amesafiri mita 44 upande usio wake bila nguvu aliyoitegemea. Hatari hiyo huongezeka pale ambapo madereva hubadilisha upande wa barabara. Uganda tunaendesha kushoto, lakini ukivuka Katuna kuingia Rwanda, Mpondwe kuingia Kongo, au Elegu kuingia Sudan Kusini, unaendesha kulia. Dereva mwenye usukani wa kulia huko haoni vizuri mbele ya lori analotaka kulipita, na gari linalosita humnyima nafasi ya kusahihisha.

Bodi ya vali ni kitu gani

Gia otomatiki haina kanyagio la klachi, lakini ndani yake zimo klachi nyingi. Klachi hizo hubanwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Swali ni hili: nani anayeamua mafuta yaende kwenye klachi ipi, kwa wakati gani na kwa nguvu kiasi gani? Kompyuta ya gari hutoa amri, lakini anayeitekeleza ni bodi ya vali.

Bodi hiyo ni bamba nene la aluminiamu lililochimbwa vijia vingi vinavyopindapinda, mithili ya njia za mchwa ndani ya kichuguu. Kwa kawaida hukaa chini ya gia, juu ya sampu ya mafuta, ingawa katika baadhi ya magari huwekwa ubavuni. Ndani yake mna vitu hivi:

Vali za kuteleza: vijiti vya chuma au aluminiamu vyenye sehemu nene na nyembamba, vinavyosogea mbele na nyuma ndani ya matundu yao na kufungua au kufunga vijia.

Springi: huzirudisha vali mahali pake. Kila springi ina urefu na ugumu wake.

Gololi: huruhusu mafuta kupita upande mmoja na kuyazuia upande mwingine. Nyingine ni za chuma, nyingine za mpira au plastiki ngumu.

Bamba la kutenganisha: bati jembamba lenye matundu mengi madogo, lililo kati ya nusu mbili za bodi. Ukubwa wa kila tundu umepimwa.

Solenoidi: vali za umeme zinazopokea amri ya kompyuta.

Vali ya mkono: imeunganishwa na mtambo wa gia anaoushika dereva, nayo husogea anapohama kutoka P kwenda R, N au D.

Nafasi kati ya vali na tundu lake ni sehemu ndogo sana ya milimita, pungufu ya unene wa unywele mmoja. Ndiyo maana chembe ndogo ya chuma yatosha kuikwamisha vali, na ndiyo maana tundu likilika kidogo tu, mafuta huvuja pembeni na nguvu yake hupungua.

Tunasisitiza hapa jambo moja la usalama. Alama ya P hulifunga gari kwa jino la chuma, si kwa nguvu ya mafuta. Jino hilo ni dogo na halikuundwa kulibeba gari lililopakiwa kwenye mteremko. Breki ya mkono ni lazima kila unapoegesha, hata kama gia yako ni nzima.

Dalili zinazomwita fundi

Dalili ya kwanza ni kuchelewa kushika. Dereva huweka D au R, husubiri sekunde kadhaa, kisha gari hushtuka na kuondoka. Ya pili ni mshtuko mkubwa gia zinapobadilika. Ya tatu ni injini kupanda mzunguko kwa kelele kati ya gia moja na nyingine, ilhali gari haliongezi mwendo. Ya nne ni gari kubaki kwenye gia moja na kukataa nyingine, kwa sababu kompyuta imeona hitilafu na kuilinda gia. Ya tano ni kutetemeka kwa gari likiwa katika mwendo wa wastani, kana kwamba linapita juu ya matuta madogo; mara nyingi hilo huhusu klachi ya torki konveta au vali inayoiongoza.

Angalieni kama dalili hutokea gia ikiwa baridi au ikiwa moto. Mafuta yakipata moto huwa mepesi na huvuja kwa urahisi katika tundu lililolika. Gari linaloshika vizuri asubuhi na kuteleza baada ya kilomita 30 hutupa sababu ya kuitilia shaka bodi ya vali au sili za klachi.

Hata hivyo, dalili si hukumu. Mafuta yakiwa pungufu, chujio likiziba, au waya ukikatika, gari huonyesha dalili zilezile. Fundi anayetaja ugonjwa kabla ya kupima anabahatisha kwa fedha ya mteja.

Kabla ya kufungua

Fundi na aanze kwa kazi zisizohitaji spana.

Kwanza, asome kompyuta ya gari kwa mashine. Namba zinazoanza na P07 zinahusu gia. Kwa mfano, P0730 huashiria kwamba uwiano wa gia si ule unaotarajiwa, na P0741 huhusu klachi ya torki konveta. Namba humwonyesha fundi mtaa wa kutafuta, wala haimwonyeshi nyumba.

Pili, apime kiwango cha mafuta kwa utaratibu wa mtengenezaji. Katika magari mengi ya Toyota yenye kijiti cha kupimia, mafuta hupimwa yakiwa na joto la kati ya nyuzi 70 na 80 za Selsiasi, injini ikinguruma, baada ya mtambo wa gia kupitishwa katika alama zote na kurudishwa P. Magari yasiyo na kijiti yana bolti maalumu ya kupimia na halijoto yake maalumu.

Tatu, ayaangalie na kuyanusa mafuta. Mafuta mazuri huwa mekundu, au rangi yake ya asili, nayo hupitisha mwanga. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, klachi zimeteleza na kuchemka. Yakiwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na wekundu, maji yameingia, ama kutoka kwenye rejeta iliyotoboka ndani, ama kwa sababu gari lilipitishwa katika mafuriko. Gia yenye maji isiendeshwe hata kilomita moja zaidi, kwa kuwa maji hubabua gundi ya klachi na kutia kutu katika vyuma.

Nne, afanye kazi mahali penye sakafu ngumu. Magurudumu yawekewe vizuizi, na gari likae juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia gari, haifai kulishikilia fundi akiwa chini yake. Mafuta ya gia iliyotoka safarini huunguza ngozi, basi gari lipoe kwanza. Nayo mafuta machafu yakusanywe katika kopo na kupelekwa kwa wanaoyapokea. Kuyamwaga mtaroni ni kuyapeleka Mto Malaba au Mto Sio, ambako jamii za pande mbili za mpaka hunywesha mifugo yao.

Kuifungua bodi bila kupoteza ushahidi

Sampu ikishushwa, itazameni sumaku iliyo ndani yake kabla ya kuisafisha. Tope laini la kijivu ni la kawaida kwa gia iliyofanya kazi. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida. Chembe za rangi ya shaba, ambazo sumaku haizivuti, hutoka kwenye bushi. Magamba meusi hutoka kwenye klachi. Sampu ikijaa magamba hayo, kutengeneza bodi ya vali peke yake ni kupaka rangi ukuta unaobomoka. Gia yote inahitaji kufunguliwa.

Kisha fundi apige picha ya bodi kwa simu yake, pamoja na soketi za waya na mahali pa kila bolti. Bolti za bodi ya vali hazilingani urefu. Bolti ndefu ikirudishwa mahali pa fupi inaweza kutoboa aluminiamu au kuzuia vali. Njia rahisi ni kuchora umbo la bodi juu ya kipande cha katoni, kutoboa matundu, na kuchomeka kila bolti mahali pake.

Bolti zilegezwe kidogo kidogo, kuanzia nje kuelekea katikati, ili bodi isipinde. Inaposhuka, ishikwe kwa mikono miwili na kubaki wima kama ilivyokuwa, kwani gololi na springi huweza kuanguka. Nusu mbili zinapotenganishwa juu ya meza safi, bamba la kutenganisha libaki limeshikiliwa kwenye nusu yenye gololi. Gololi zihesabiwe, na mahali pa kila moja pachorwe. Gololi moja ikipotea, gari litarudi gereji likiwa na ugonjwa mpya.

Ukaguzi wenyewe

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Bodi isafishwe kwa kimiminika cha kusafishia sehemu za breki au kwa mafuta ya taa safi, kisha ikaushwe kwa hewa ya kompresa. Msitumie matambara yenye nyuzi, kwa sababu uzi mmoja unatosha kuikwamisha vali. Msitumie maji. Vali zitolewe tundu moja baada ya jingine, na kila moja ilazwe pamoja na springi yake kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: Mwendo wa vali. Lainisheni vali kwa mafuta safi ya gia, irudisheni katika tundu lake bila springi, kisha iinamisheni bodi. Vali nzima huteleza kwa uzito wake yenyewe, polepole na bila kusita. Ikikwama mahali fulani, geuzeni upande, tazameni tena, na mtafute mkwaruzo au uchafu.

Hatua ya 2: Uso wa vali. Pitisheni ukucha juu yake. Mstari unaoonekana kwa macho lakini haushikwi na ukucha si mbaya sana. Mstari unaoushika ukucha ni jeraha. Msipake msasa kwenye kingo za vali! Kingo hizo zimeachwa kali kwa makusudi, ili zisukume uchafu kando. Zikifanywa mviringo, uchafu huingia chini yake na kuibana vali.

Hatua ya 3: Ukuta wa tundu. Mulikeni kwa tochi. Tundu zima lina uso wa namna moja. Sehemu iliyolika hung'aa upande mmoja, mahali ambapo vali imekuwa ikisugua. Aluminiamu ya bodi ni laini kuliko chuma, na hata vali za aluminiamu mara nyingi hupakwa ngozi ngumu, hivyo kinacholika kwanza ni tundu. Ingizeni vali na kuitikisa kwa kidole: mcheko wa pembeni unaohisika waziwazi ni dalili ya kulika. Anzeni na vali ya kudhibiti nguvu ya mafuta na vali ya klachi ya torki konveta, kwa maana hizo hutetemeka muda wote injini inapofanya kazi, nazo huchakaa mapema kuliko nyingine.

Hatua ya 4: Jaribio la uvujaji. Gereji kubwa zina mashine ya kuvuta hewa inayopima kila tundu. Asiye nayo aweza kujaza vijia mafuta safi ya gia, vali ikiwa imewekwa mahali inapofunga, kisha kupuliza hewa ya nguvu ndogo na kulinganisha. Mafuta yanayobubujika kwa wingi upande wa pili yanaonyesha njia isiyotakiwa. Miwani ya kukinga macho ni lazima katika kazi hii.

Hatua ya 5: Bamba la kutenganisha. Tazameni kila tundu ambalo gololi hukalia. Gololi ya chuma hupiga bati mara nyingi mno, hata hufanya alama ya duara iliyodidimia au hulipanua tundu likapoteza umbo lake. Bamba la namna hiyo halitengenezwi, hubadilishwa. Gololi zenyewe ziviringishwe juu ya kioo. Iliyopasuka au kubonyea haitaviringika sawa.

Hatua ya 6: Springi. Pimeni urefu wa kila springi na kuulinganisha na kitabu cha mtengenezaji. Springi iliyovunjika, iliyopinda au iliyofupika haivutwi kwa mkono ili irefuke. Hubadilishwa kwa ya namna yake.

Hatua ya 7: Unyofu wa bodi. Wekeni rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso unaokutana na bamba, kisha mjaribu kupitisha kipimo chembamba chini yake. Kipimo cha milimita 0.05 kikipita, bodi imepinda, au ilikazwa vibaya na aliyetangulia. Tafuteni pia nyufa kuzunguka matundu ya bolti.

Hatua ya 8: Solenoidi. Pimeni ukinzani wa umeme kwa mita. Katika gia nyingi za Toyota, solenoidi za kubadilisha gia husoma kati ya ohmu 11 na 15 zikiwa baridi, na ile ya kudhibiti nguvu ya mafuta husoma kati ya ohmu 5.0 na 5.6 katika nyuzi 20. Kitabu cha gari lenu ndicho chenye neno la mwisho. Solenoidi ya kufungua na kufunga ikiguswa kwa umeme wa betri hutoa mlio mfupi. Ile ya kudhibiti nguvu isiunganishwe moja kwa moja na betri. Iwekewe balbu kati yake na betri, la sivyo itaungua. Mkumbuke kwamba solenoidi yaweza kuwa na umeme mzuri na bado ikakwama kwa uchafu.

Kutengeneza, kubadilisha au kuacha

Baada ya ukaguzi, uamuzi huwa mwepesi. Uchafu bila mkwaruzo: safisheni, badilisheni chujio na mafuta. Solenoidi moja mbovu: badilisheni hiyo. Tundu lililolika: karakana chache zenye mashine hulipanua na kuweka vali kubwa zaidi, zisizo na mashine zibadilishe bodi nzima. Klachi zilizoungua: mwambieni mteja ukweli kwamba bodi mpya haitamponya mgonjwa huyu.

Katika magari kadhaa ya siku hizi bodi mpya huhitaji kuandikishwa kwenye kompyuta ya gari. Ulizeni hilo kabla ya kununua. Ulizeni pia aina ya mafuta. Mafuta ya Toyota ya aina ya T-IV na ya aina ya WS si kitu kimoja, na gia za mkanda zilizomo katika magari mengi madogo ya kisasa zina mafuta yake mengine kabisa. Mafuta yasiyofaa huharibu kazi nzuri ndani ya siku chache.

Wakati wa kufunga, bolti zikazwe kuanzia katikati kuelekea nje, kwa spana yenye kipimo. Katika gia nyingi za Toyota nguvu inayotakiwa ni nyutoni-mita 10 au 11 tu. Mkono wa fundi mwenye nguvu hupita hapo bila kujua. Kisha hakikisheni vali ya mkono imekamatana na kidole cha mtambo wa gia. Isipokamatana, mtambo wa gia waweza kuonyesha N ilhali klachi imeshika, na gari likaondoka pasipo dereva kutarajia. Jaribio la kwanza lifanywe magurudumu yakiwa yameinuliwa au yamezuiwa vizuri, bila mtu yeyote kusimama mbele wala nyuma ya gari. Ndipo gari lipelekwe barabarani, pasipo abiria.

Wajibu wetu sote

Kwa fundi: andika kwenye karatasi tarehe, kilomita, namba ya gari, ulichokiona na ulichobadilisha, na umrudishie mteja kipuri cha zamani. Mashauri kati ya mafundi na wateja huja kwenye madawati yetu yakiwa na maneno mengi na karatasi chache. Karatasi moja yenye sahihi mbili humlinda fundi mwaminifu kuliko mashahidi kumi.

Kwa mwenye gari: unaponunua gia au bodi iliyotumika, dai risiti yenye jina na simu ya muuzaji, pamoja na maelezo ya gari ilikotoka. Kipuri cha bei ya kutupwa kisicho na asili chaweza kuwa kimetoka katika gari lililoibwa ng'ambo ya mpaka, na anayekutwa nacho ndiye atakayeanza kuulizwa. Vipuri vinavyovuka mpaka vitangazwe forodhani. Njia za panya huanza kwa unafuu na kuishia kwa kupoteza mali.

Kwa dereva: usiteremke mlima ukiwa umeweka N kwa nia ya kuokoa mafuta. Unalinyima gari msaada wa injini. Gia ikianza kuchelewa au kuteleza, shusha abiria mahali salama na uite fundi. Wala gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa sababu injini ikiwa imezimwa pampu haisukumi mafuta na vyuma husagana vikiwa vikavu.

Kwa wote: gari likihusika katika ajali, lisifunguliwe na fundi yeyote kabla mkaguzi wa magari wa polisi hajalikagua. Dereva anayesema gia ilikataa ana haki ya kuaminiwa au kukanushwa kwa ushahidi. Bodi ya vali iliyofunguliwa gizani na mtu asiyejulikana haimsaidii dereva, wala haiwasaidii walioumia. Panapotokea dharura, piga simu 999 au 112.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini gari linaloshika vizuri likiwa baridi huweza kuteleza likipata moto?
2. Ni vali zipi mbili zinazostahili kukaguliwa kwanza, na kwa nini?
3. Kuna hatari gani kupaka msasa kwenye kingo za vali?
4. Umefungua sampu ukakuta magamba meusi mengi. Utamwambia nini mteja anayetaka bodi ya vali pekee?
5. Kwa nini breki ya mkono ni lazima hata mtambo wa gia ukiwa kwenye P?

Tunashauri maswali haya yasomwe kwa pamoja gerejini na kwenye stendi, fundi na dereva wakijibizana. Mafundi wa pande mbili za mpaka hutofautiana lugha za nyumbani, lakini Kiswahili cha spana wanakielewa wote, na mteja wa Malaba ya Uganda mara nyingi ndiye mteja wa Malaba ya Kenya. Mahali ambapo fundi hana uhakika, amwulize mwenzake aliyewahi kuifungua gia ya aina hiyo, au ampeleke mteja kwenye karakana yenye vifaa. Kufanya hivyo hakumpunguzii heshima. Kunawafikisha nyumbani abiria waliokaa nyuma ya dereva wakiamini kwamba gari ni zima.